Njia ya Kurudi

Gari la zamani likigoma kuwaka asubuhi, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Mwenye gari hufungua boneti, hugonga terminali kwa spana, stata hulia kidogo, na kabla ya adhuhuri betri mpya imeshanunuliwa. Haichukui muda, ugonjwa ni uleule. Ndiyo maana nawapenda mafundi umeme wa magari wasioharakia dukani, wale ambao kabla ya yote hupiga magoti kutazama waya mweusi wa hasi unaishia wapi.

Umeme ukishazungusha stata lazima urudi betrini, na kwenye gari njia ya kurudi ni chuma chenyewe: injini, chesisi na bodi. Lakini injini imekalishwa kwenye mipira ili isitikise abiria, na mpira haupitishi umeme. Kinachoiunganisha na chesisi ni utepe wa shaba iliyosukwa, mara nyingi umejificha chini huko, unakula matope na oili miaka nenda rudi. Utepe ukikatika, umeme hujitafutia uchochoro: hupitia kebo ya choki au ya mafuta, kebo nyembamba ambayo haikuundwa kwa mzigo huo, nayo hupata moto hadi ganda lake likayeyuka. Ukiona choki inafuka moshi unapopiga stata, usimsumbue fundi wa kabureta.

Kupima kwenyewe kuna ustadi wake. Anayeweka mita kwenye omu ataambiwa waya ni mzima hata kama zimebaki nyuzi tatu tu, kwa sababu mita hupitisha umeme kidogo mno. Waya hupimwa ukiwa umebebeshwa mzigo. Fundi huzima kwanza mfumo wa cheche ili injini isiwake, huweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mwenzake apige stata. Ikisoma robo ya volti au pungufu, njia ya kurudi ni salama. Ikisoma volti nzima, volti hiyo imegeuka joto njiani, na hakuna betri mpya itakayoirudisha.

Kuchagua waya nako kuna hesabu. Stata ya injini ndogo ya petroli hunywa ampea 150 hadi 200 hivi. Ya dizeli yaweza kupita 300. Kwa ampea 200, mita moja ya waya wa shaba wa milimita za mraba 25 hupoteza takriban volti 0.14; wa milimita 16 hupoteza zaidi ya 0.2. Ni kidogo, mpaka ukumbuke Land Rover Defender, ambayo betri yake iko chini ya kiti, na kwamba safari ni ya kwenda na kurudi. Mafundi wengi hukata waya wa mashine ya kuchomelea vyuma, nami siwalaumu: nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, unapinda bila kuvunjika. Balaa ni waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Fundi huupima uzito kiganjani, hukwangua unyuzi mmoja kwa kisu, akiona weupe ndani anaurudisha. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule.

Vichwa vya waya hubanwa kwa mashine, haviungwi kwa risasi. Risasi iliyoyeyushwa hupanda ndani ya nyuzi, huzikakamaza, na mtikisiko huja kuzikatia hapo inapoishia. Rangi ya bodi hukwanguliwa hadi chuma king'ae, boliti hukazwa, kisha grisi hupakwa juu. Kwetu pwani, ambako upepo wa chumvi hugeuza shaba kijani hadi ndani ya ganda lake, grisi hiyo si pambo. Wapo wateja wanaonung'unika kwamba ufundi umezidi bei ya waya. Wanunue waya basi, wajifungie.

Altaneta ina visa vyake. Land Rover za zamani zilikuja na dainamo ya ampea 20 na ushei. Leo mtu anafunga altaneta ya Kijapani ya ampea 60 na kuacha waya uleule mwembamba, unaopitia kwenye mita ya ampea pale dashibodi. Umeme wote huo unapita mbele ya magoti ya dereva! Fundi makini huvuta waya mpya mnene, wenye fyuzi, kutoka altaneta moja kwa moja hadi betrini. Na kabla ya hapo huhakikisha gari linatumia bodi kama hasi, kwa maana magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa kinyume, chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi, na altaneta ikifungwa bila kujua hilo daiodi zake huungua papo hapo.

Enzi za dainamo zimetuachia pia tabia ya kuchomoa terminali injini ikiunguruma, eti kupima kama gari linachaji. Altaneta iliyopokonywa betri ghafla hurusha volti juu na kujiharibia daiodi na regyuleta. Fundi wa kweli akimwona mteja ananyoosha spana kufanya hivyo, humdaka mkono kwanza, maelezo baadaye.