Pumzi, Mapenzi na Kifungo: Uhakiki wa Filamu ya Breathe

Wasifu ni utanzu wenye madeni mawili. Unadaiwa ukweli na historia, na unadaiwa umbo na sanaa. Mtunzi akilipa deni moja na kulisahau la pili, kazi yake huishia kuwa ama kumbukumbu kavu au sifa tupu. Mzigo huu huwa mzito zaidi pale ambapo msimuliaji ana uhusiano wa damu na anayesimuliwa. Hiyo ndiyo hali ya Breathe, filamu ya Uingereza iliyotolewa mwaka 2017. Iliongozwa na Andy Serkis kutokana na mswada wa William Nicholson, na mtayarishaji wake, Jonathan Cavendish, ni mwana wa Robin na Diana Cavendish, ambao ndio wahusika wakuu. Jina la filamu lina maana ya amri moja tu: pumua. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi kazi hii inavyosawiri ulemavu mkubwa kupitia hadithi ya mapenzi, na kuonyesha mahali ambapo umbo la mapenzi linaufichua ukweli wa hali hiyo na mahali ambapo linaufunika.

Kwa muhtasari, Robin, aliyeigizwa na Andrew Garfield, ni kijana wa Kiingereza anayefanya biashara ya chai nchini Kenya. Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 28, anashikwa na polio. Mwili wake unapooza kuanzia shingoni kwenda chini, na hawezi tena kuvuta pumzi bila mashine iliyounganishwa na tundu kooni mwake. Madaktari wanamkadiria miezi mitatu ya kuishi. Mkewe Diana, aliyeigizwa na Claire Foy, ni mjamzito. Robin anarejeshwa Uingereza na kulazwa. Anataka afe. Diana anakataa, anamtoa hospitalini kinyume cha maagizo ya daktari mkuu, na wanaanza maisha nyumbani. Kwa ufundi wa Teddy Hall, profesa wa Oxford, kinaundwa kiti cha magurudumu chenye mashine ya kupumulia ndani yake. Robin halisi alifariki mwaka 1994, zaidi ya miaka 35 baada ya hukumu ile ya miezi mitatu.

Taswira kuu inayoufunga msuko wa filamu hii ni kifungo. Wodi inasawiriwa kama gereza: vitanda vimepangwa safu, sauti za mashine hazikatiki, na mwenye mamlaka ya kufungua mlango ni daktari. Kutoroka kwa Robin kunajengwa kwa taharuki ile ile ya mahabusu anayeruka ukuta. Taswira hii inafikia kilele chake katika onyesho la hospitali ya Ujerumani, ambako wagonjwa wamelazwa ndani ya mashine zilizojengewa ukutani, vichwa pekee vikiwa nje. Chumba ni cheupe, safi, na kimya. Hapa filamu inatoa hoja yake nzito kuliko zote, tena bila mahubiri: kinachomfunga mtu huyu si polio peke yake. Ugonjwa umeuzuia mwili, lakini ni taasisi iliyoamua kwamba mwili uliozuiwa haustahili kuona jua. Ulemavu kwa hiyo unatolewa katika milki ya tiba na kuwekwa katika milki ya maadili na siasa.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama mapenzi yangesawiriwa kwa ukali huo huo. Robin hapumui kwa mashine peke yake. Anapumua kwa mikono ya watu. Katika onyesho moja, mbwa anachomoa waya wa mashine ukutani. Diana yuko mahali pengine nyumbani, na Robin hana sauti ya kumwita. Dakika hizo chache zinaeleza zaidi kuliko hotuba zote za filamu, kwa kuwa zinaonyesha kwamba katika nyumba hii hakuna usingizi usio na hofu. Lakini mara nyingi filamu haikai na hofu hiyo. Katika safari ya Hispania, mashine inapoharibika njiani, Robin anadumishwa hai kwa kupampu hewa kwa mkono hadi Hall atakapowasili. Msisitizo unahama upesi kutoka mikono inayochoka hadi muziki na vicheko vya wenyeji. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hilo filamu inalijua; lisilosemwa ni kidole kipi kilikesha.

Ndipo linapozuka tatizo la uhusika wa Diana. Robin ni mhusika duara: anakata tamaa, anahasirika, anatania, anakuwa mtetezi wa wenziwe. Diana anaelekea ubapa. Ushupavu wake uko pale tangu mwanzo na haubadiliki. Uchovu wake unadokezwa tu. Hapa uhusiano wa mtayarishaji na wahusika unaonekana wazi: mwana anamtukuza mama. Wasomaji wa Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert wanaifahamu desturi hii, ambapo maisha ya mtu huteuliwa na kupangwa ili yawe kielelezo chema kwa wengine. Lakini Shaaban Robert hafichi kwamba Siti alitoka katika ufukara na dharau; bila mizani hiyo sifa zisingekuwa na uzito. Diana hapewi mizani ya namna hiyo. Mwanamke asiyechoka hawezi kusifiwa kwa ustahimilivu, kwa sababu hakuna alichokistahimili mbele ya macho yetu.

Udhaifu wa pili, ambao kwa mhakiki wa Kenya hauwezi kupitwa, unahusu mandhari. Kenya ya filamu hii ni mwanga wa dhahabu, mbuga na machweo. Ni bustani wanayofukuzwa wapenzi, basi. Hakuna mhusika Mwafrika aliyejengwa akawa na nafsi yake. Mwaka 1958 Kenya ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na maelfu walikuwa wamezuiliwa kambini. Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola. Haidaiwi hapa kwamba kila kisa cha mapenzi lazima kibebe historia nzima ya ukoloni. Hoja ni ya kifani. Kazi iliyochagua kifungo kuwa taswira yake kuu, na ikaanzia katika nchi iliyojaa vifungo, imeikosa sitiari iliyokuwa mlangoni pake. Vilevile, uhuru anaoupata Robin una bei: rafiki profesa, shemeji wenye nafasi, ndege ya kumrejesha kwao. Mwathiriwa wa polio kijijini Kenya mwaka huo huo hakuwa na hata kimoja. Filamu inapolinyamazia hilo, ushindi unaonekana kuwa matunda ya moyo mkuu tu.

Kuna, mwisho, suala la kiishio. Baada ya miaka mingi mapafu ya Robin yanaanza kuvuja damu, naye anaichagua siku ya kufa kwa msaada wa rafiki yake daktari, baada ya kuagana na wapendwa wake. Yuko atakayeona hapa ukinzani: kazi iliyotetea uhai wa mlemavu inawezaje kufungwa kwa kifo cha hiari? Usomaji wa makini haukubaliani na lawama hiyo moja kwa moja. Ombi la kwanza la kufa lilitoka kwa mtu asiyekuwa na jingine la kuomba. La mwisho linatoka kwa mtu aliyekwisha kuishi. Maneno yanafanana, msemaji si yule. Hata hivyo, wepesi wa maagano hayo unaacha hatari. Mtazamaji anayeamini tangu awali kwamba maisha ya namna hiyo ni mzigo anaweza kutoka akiwa amethibitishiwa imani yake, kwa kuwa hakuonyeshwa gharama ya kuishi wala ya kuacha kuishi.

Breathe, basi, ni kazi inayolilipa vyema deni la sanaa, na deni la ukweli kwa nusu. Inapomweka mtazamaji ndani ya ukimya wa mashine iliyokatika, inamfundisha kwamba utu haupimwi kwa misuli, na kwamba kutegemea wengine si aibu. Inapoyageuza mapenzi kuwa tabasamu lisilokoma, inawanyima heshima wale wale inaotaka kuwaheshimu: aliyepumua kwa shida, na waliompumulia.