Tundu Lipi Litakufa Kwanza?

Mnunuzi wa kompyuta mpakato huhesabu matundu. Huigeuza mashine mkononi, akiona USB mbili, HDMI moja na tundu la spika za masikioni, anaridhika. Kwa kompyuta ya kawaida hesabu hiyo inamfaa. Kwa kompyuta za moduli, zile ambazo mwenyewe anaweza kuchomoa tundu na kuweka jingine, haimwambii kitu, maana idadi na aina ya matundu hubadilika kwa nusu dakika. Swali la maana ni hili: tundu likichakaa, litaondoka na nini?

Katika laptopu nyingi jibu linauma. Tundu la chaji limelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Mtu akijikwaa kwenye waya, tundu likalegea, fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue hana budi kufungua mashine nzima, kuitoa mazabodi, kupuliza hewa ya moto na kulehemu tundu jipya la USB-C lenye pini 24, kila moja ikiwa nusu milimita tu kutoka kwa jirani yake. Mafundi wanaoimudu kazi hiyo wapo, na mikono yao ni ya kuheshimiwa. Lakini joto likizidi kidogo, vijinjia vya shaba vinabanduka, na mashine ya thamani inaishia kuuzwa spea.

Mfano unaojulikana zaidi wa njia nyingine ni Framework, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Nirav Patel. Laptopu yake ya kwanza ilianza kuwafikia wanunuzi Julai 2021, ikiwa na nafasi nne ubavuni. Kila nafasi hupokea kadi yenye ukubwa wa takriban sentimita 3 kwa 3: ya USB-C, ya USB-A, ya HDMI, ya DisplayPort, ya kusoma microSD, baadaye hata ya waya wa mtandao. Kadi rahisi kabisa zilipotoka ziliuzwa dola 9. Hakuna uchawi ndani yake. Nyuma ya kila kadi kuna kichwa cha USB-C kinachoingia kwenye tundu la USB-C lililojificha ndani ya mashine. Yaani adapta ambayo wengine huibeba mkobani, hapa imepewa chumba chake.

Na hilo tundu lililojificha ndilo la kuangaliwa kwanza. Limelehemiwa kwenye mazabodi, sawa na lile la laptopu ya kawaida. Mtu akiambiwa kwamba kwenye mashine ya moduli hakuna kilicholehemiwa, ajue anauziwa maneno. Tofauti ni kwamba tundu la ndani halichomekwi mara kwa mara, na kadi inateleza kwenye reli za bodi la alumini, kwa hiyo waya ukivutwa, nguvu inaishia kwenye bodi kabla ya kufika ndani. Kadi ikiwa imeundwa vizuri, inafanya kazi ya fyuzi: inakufa yenyewe, nyumba inabaki.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Ingiza kadi ya USB-C, chomeka chaja, kisha shika kichwa cha waya na ukisukume taratibu juu, chini, kushoto, kulia. Kadi na bodi viende pamoja kama kitu kimoja. Kadi ikicheza peke yake, au taa ya chaji ikizima na kuwaka, ujue reli au kibanio kimelegea na tundu la ndani limeanza kubeba mzigo usio wake. Hapo bei inafaa kushuka sana, au mazungumzo yaishe.

Watengenezaji hupenda kutaja mizunguko, yaani idadi ya kuchomeka na kuchomoa. Kiwango cha USB-C ni mara 10,000. Anayechomeka chaja mara tano kwa siku atamaliza hesabu hiyo baada ya miaka mitano na nusu hivi. USB-A ya kawaida kiwango chake cha chini ni mara 1,500 tu, ambazo kwa mwendo huohuo hazifiki mwaka, ingawa zilizotengenezwa vizuri huvuka mbali zaidi. Tundu la waya wa mtandao huanzia mara 750. Hesabu hizi zina kasoro moja: mashine ya maabara huchomeka ikiwa imenyooka, kwenye tundu safi, bila haraka. Matundu mengi yanayofika mezani kwa fundi yameuawa na msukumo wa pembeni, maji na uchafu, si na idadi ya mara yalizochomekwa.

Kuna jambo la USB-C ambalo wauzaji wengi hawalijui. Vijispringi vinavyokibana kichwa kisichomoke vimewekwa kwenye waya, havimo kwenye tundu. Walioibuni walitaka waya wa bei ndogo uchakae kabla ya mashine. Kwa hiyo waya ukianza kuchomoka wenyewe, jaribu waya mpya kwanza kabla ya kulilaumu tundu. Ukibana vizuri, tatizo limeisha. Usipobana, mulika ndani kwa tochi ya simu: mara nyingi utakuta vumbi na nyuzi za nguo zimeshindiliwa chini kabisa. Zima mashine, zitoe kwa kijiti cha mbao, usitumie sindano. Kwa mwenye kadi kazi ni nyepesi zaidi, kwani anaichomoa na kuisafisha mezani huku mashine ikiwa salama pembeni.

Jicho lililozoea huenda mbali kidogo. Ulimi wa katikati ya tundu uwe umenyooka, pini zake ziwe na rangi ya dhahabu, bila madoa meusi wala ukijani. Fremu ya chuma inayouzunguka iwe haina mshono. Ile ya bei rahisi imekunjwa kwa bati na mstari wa maungio unaonekana, na hapo ndipo inapoanza kufunguka. Ukibahatika kuona mazabodi yenyewe, tazama miguu ya fremu hiyo: iliyopenya ubao hadi upande wa pili hushika kuliko iliyobandikwa juu tu.

Wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja wana sababu ya ziada ya kuyatazama madoa hayo. Hewa yenye chumvi na unyevu hula madini, na katika USB-C pini inayopeleka umeme imepakana na pini ambayo chaja na mashine huitumia kukubaliana kiasi cha umeme. Laptopu nyingi hupokea volti 20 kupitia tundu hilo. Uchafu wenye unyevu ukiziunganisha pini hizo mbili, volti 20 zinaingia mahali palipotengenezwa kwa volti chache tu. Kadi haizuii ajali hiyo kabisa, ila mara nyingi chumvi hukutana nayo kwanza, na yenyewe inabadilishwa kwa bei ya chakula cha mchana mjini.

Kosa la wanunuzi wengi wa mashine hizi ni kudhani kwamba nafasi zote ni sawa kwa kuwa zinafanana. Katika toleo la Framework 13 la mwaka 2023 lenye prosesa ya AMD Ryzen 7040, nafasi mbili za nyuma ni USB4 na mbili za mbele ni USB 3.2, na moja kati ya hizo za mbele haitoi picha kabisa. Mtu akiiweka kadi ya HDMI hapo atailaumu projekta bure. Framework 16, iliyoanza kutoka mwaka 2024, ina nafasi sita, lakini si zote zinazopokea chaji, na tundu la spika za masikioni limekuwa kadi ya kununua. Mchoro wa nafasi usomwe kabla ya kulipa.

Kuhusu kadi zenyewe, si zote zinastahili sifa. Ya waya wa mtandao inatokeza nje ya bodi kwa sababu tundu lake ni nene kuliko nafasi ya kadi, na kinachotokeza hugongwa. Ikae mkobani hadi ihitajike. Kadi za kwanza za HDMI zilikula betri hata pasipo skrini, hadi kampuni ilipotoa marekebisho ya programu. Kwa mwalimu au mwandishi wa habari, mpangilio wenye akili ni USB-C mbili, moja kila ubavu ili chaja ipate kuhama, USB-A moja kwa fleshi ambazo bado zinazunguka kila ofisi, na HDMI moja. Dola za ziada ziende kwenye USB-C ya akiba. Hiyo ndiyo itakayochakaa.

Makampuni makubwa yameanza kusogea. Mwaka 2025 Dell ilileta laptopu za ofisini zenye tundu la USB-C lililofungwa kwa skrubu badala ya kulehemiwa. Hilo halibadilishwi na mwenye mashine akiwa safarini, lakini kwa fundi ni kazi ya bisibisi, na kwa anayetaka laptopu idumu bila kujali kubadili matundu huenda ndilo chaguo bora kuliko kadi.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka laptopu mpya zinazouzwa huko zichajiwe kwa USB-C kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Mashine zilizotumika Ulaya huishia kwa wingi kwenye maduka ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo tundu hili ndilo litakalokaguliwa madukani kwa miaka mingi. Ukiikuta ya moduli, mwombe muuzaji achomoe kadi zote mbele yako, umulike matundu ya ndani moja baada ya jingine, kisha uchaji kwenye kila nafasi inayopokea chaji. Akikataa, nenda duka la pili.