Sanduku Lenye Hewa ya Kwao

Kabla hajagusa kioo, mzee mmoja fundi wa vioo huuliza: "Mnyama wako kwao ni wapi?" Kibanda chake kiko kando ya Barabara ya Naivasha, upande wa Kawangware, na wengi wanaofika pale hutaka vioo vya madirisha au masanduku ya kuuzia mandazi. Mara mojamoja huja mtu anayetaka nyumba ya mjusi, na huyo hukalishwa kwenye benchi. Nilikuwepo siku alipokuja kijana mmoja na picha kwenye simu: sanduku la kioo lililozibwa pande zote, na taa za rangi zikimeremeta ndani. Akataja pesa alizo nazo na siku anayolitaka. Mzee hakuitazama picha. Alimwuliza kama huko atokako mjusi huyo kuna umande, kama mvua huja na kukatika, kama mchana hulala juani au hujibanza chini ya gome la mti. Kijana hakuwa na jibu, wala hakuona ni kwa nini aulizwe.

Lakini ufundi wenyewe umo katika maswali hayo. Kukata kioo cha milimita sita kikanyooka ni kazi ya mkono, na mkono hufundishika. Kujua pa kuacha wazi ndiko kunakotaka miaka. Mzee huacha mwanya mwembamba mbele, chini, karibu na udongo, kisha juu hutandaza wavu wa chuma. Hewa ikipata joto hupanda na kutokea juu, na nyingine baridi huingia kwa chini kujaza pengo lake. Pasipo mwanya huo, matone hubaki kwenye kioo toka asubuhi hadi asubuhi, kuvu humea kwenye majani, na mjusi huishia kuugua mapafu. Wavu nao ukizidi, unyevu wote hutoroka kabla ya saa sita mchana. Hapo mjusi hushindwa kujivua ngozi vizuri: vipande vya ngozi kuukuu hubaki vimemkaza vidoleni kama pete iliyobana, damu ikose kupita, kidole kife. Mjusi asiye na vidole hapandi ukuta tena.

Akimaliza kubandika, husawazisha silikoni kwa kidole alicholowesha maji, kisha huliacha sanduku likae wazi mpaka ile harufu kali ya siki iishe kabisa. Wateja humhimiza. Yeye huwaambia harufu ikiwepo mnyama haingii, na mazungumzo hukomea hapo.

Kuhusu unyevu, watu hutaka waambiwe namba. Namba zipo. Mjusi mwenye madoa ya chui, wa nchi kavu za Afghanistan na Pakistan, hutosheka na asilimia 30 au 40, mradi apewe pango dogo lenye ubichi la kujivulia ngozi. Wa misituni hutaka 60 kwenda juu. Ila sisi tunaishi Nairobi, palipo karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu haitulii kwenye namba moja. Asubuhi ya Julai huko Kikuyu na Kangemi huamka imelowa ukungu. Alasiri ya Februari hukauka hadi midomo ikapasuka. Mzee hataki unyevu unaosimama. Anataka unaokuja usiku na kuondoka mchana, na huupima kwa kufinyanga udongo wa ndani kiganjani: ukishikamana bila kudondosha maji, umefaa. Namwamini kuliko kipima unyevu, ambacho watu hukitundika juu karibu na taa wakati mjusi wao anaishi chini majanini.

Mimi ufundi huu niliuona kwanza katika Bustani ya Nyoka, pale kwenye jumba la makumbusho, mlimani juu ya Barabara ya Museum Hill. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1961 kwa ajili ya utafiti wa wanyama watambaao na sumu zao. Sisi wanafunzi tulipelekwa kutazama nyoka, na wenzangu wote wakaenda kupiga kelele mbele ya swila. Mimi nikanaswa na mtunzaji mmoja mwenye chupa ya kupuliza maji.

Alikuwa akinyunyizia majani polepole, jani kwa jani, hadi matone yakaanza kuning'inia kwenye ncha. Akangoja. Kinyonga aliyekuwa ametulia kama kijiti akageuza jicho moja, kisha la pili, akasogea hatua moja na kulilamba tone. Bakuli la maji halimwambii kitu mnyama huyu. Kwake maji ni kitu kinachometameta na kudondoka. Mijusi kafiri wa kuta zetu wana tabia kama hiyo: hulamba matone ukutani, na kwa kuwa hawana kope, hulamba hata macho yao kuyasafisha. Mtunzaji yule hakutusemesha. Alirudia kunyunyiza upande wa pili, akafunga mlango, akaenda kwa mwingine. Hadi leo nikisikia mtu akitaja neno utunzaji, namwona yeye akingoja.

Tazama sasa yanayowapata wanyama hawa tunapojali uzuri wao bila kujali kwao. Katika msitu mdogo wa Kimboza, karibu na Morogoro, kuna mjusi wa samawati anayeishi kwenye mikadi, ambako maji ya mvua hukusanyika katika vikwapa vya majani. Maelfu walikamatwa wakauzwa ng'ambo, na ili kuwafikia watu waliikata mikadi yenyewe. Biashara ya kimataifa ya mjusi huyo wa porini ilipigwa marufuku mwaka 2017.

Na hapa kwetu? Kinyonga wa pembe tatu, aliyepewa jina la Frederick Jackson mwaka 1896, amekuwa mwenyeji wa magharibi ya Nairobi tangu kabla ya mji. Bustanini, makao yake yalikuwa ua wa kayaba: mnene, wenye miiba, uliopitisha hewa mchana na kushika umande usiku. Ndugu zake wa Mlima Kenya walisafirishwa hadi Hawaii mwaka 1972 kwa biashara, wakaachiliwa bustanini, na wakastawi kwenye miteremko yenye mvua hadi leo, kwa sababu hewa ya huko inafanana na ya kwao. Huku Lavington na Kileleshwa ua unang'olewa, ukuta wa mawe unajengwa, na nyaya za umeme zinafungwa juu. Wenye nyumba hizo hizo ndio huja kuagiza sanduku la kioo lenye taa.

Mzee humwuliza kila mteja kama ana kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwa kuwa sheria ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila hicho. Asiye nacho hurudishwa. Kijana wa picha alirudishwa.

Mzee hana mwanafunzi hata mmoja. Mwenye kijana anayependa kazi ya mikono na mwenye subira ya kungoja tone, na ampeleke Kawangware mwaka huu.