Nimecheka Vita vya Tanga, halafu nikajuta

Nikiri mapema: nilicheka. Nilikuwa nimekaa ufukweni Ras Kasone, nasoma An Ice-Cream War, riwaya ya William Boyd ya mwaka 1982. Nilipofika pale jeshi la Mwingereza linaposhuka Tanga, nikacheka mpaka waliokuwa wakiogelea wakageuka kuniangalia. Halafu nikakumbuka nimekaa wapi.

Novemba 1914 askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, waliletwa hapa kwa meli kuuteka mji. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Kufikia tarehe 5 wavamizi walikuwa wanarudi melini, wameacha silaha na mamia ya maiti. Hata nyuki waliwashambulia. Kichekesho, sivyo?

India ina kipimo chake cha mambo haya. Natyashastra, kitabu cha kale kinachohusishwa na Bharata, hupima sanaa kwa rasa, yaani ladha. Mfano wake ni wa jikoni: viungo vikichanganyika, hutoka ladha ambayo kiungo kimoja peke yake hakina. Kati ya ladha nane anazotaja, mbili zinatuhusu hapa: hasya, ya kicheko, na karuna, ya huruma. Na ladha haiji kwa kumwambia msomaji "huzunika." Lazima umpe kisababishi, umwoneshe dalili, umpitishe kwenye hisia ndogondogo zinazokuja na kuondoka.

Sasa tumpime Boyd. Gabriel Cobb, ofisa Mwingereza, amepewa vyote: fungate iliyokatizwa na vita, mke aliyebaki nyumbani, mdogo wake Felix anayekuja kumtafuta. Anapochomwa singe hapa Tanga, kicheko kilinikauka. Hiyo ni karuna, na imepikwa ikaiva.

Lakini wale askari wa Kihindi? Nilifunga kitabu sina hata mmoja kichwani. Katoka kijiji gani? Nani anamsubiri? Kwangu walibaki umati, kiungo cha kunogesha kicheko basi.

Mtu atasema Boyd anawacheka majenerali na upuuzi wa vita. Nakubali, na anawacheka vizuri mno. Ila kicheko hicho kinalipiwa na wale tusiowajua. Tazama Afterlives ya Abdulrazak Gurnah (2020): Hamza naye ni askari mdogo tu kwenye jeshi la Mjerumani, lakini tunaijua hofu yake, aibu yake, upweke wake. Ndiyo maana jeraha lake linatuuma.

Boyd msomeni, jamani, kitabu kinakwenda mbio na hakichoshi. Mimi nitakirudia. Ila si Ras Kasone.