Ushairi wa Mzaha na Ushairi wa Malalamiko: Je, ni Vikapu Viwili?

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa somo la ushairi zoezi lililoonekana rahisi. Niliwataka wayagawe mashairi tuliyoyasoma katika mafungu mawili: mepesi, yaani ya utani na burudani, na mazito, yaani yanayopinga dhuluma. Kikundi kimoja kililiweka shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute" la Abdilatif Abdalla katika fungu la mepesi. Sababu yao ilikuwa kwamba ni ugomvi wa ndugu wawili, Alii na Badi, juu ya mnazi, na kwamba darasa zima lilicheka liliposomwa. Wenzao waliwadhihaki. Mimi sikuwadhihaki, kwani walikuwa wamegusa jambo ambalo sisi walimu hulipita haraka. Katika ushairi wa Kiswahili, mara nyingi mzaha na malalamiko hukaa katika kikapu kimoja.

Tuanze na Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776-1840). Sehemu kubwa ya ushairi ulioandikwa kabla yake ilihusu dini. Muyaka aliuleta sokoni na barazani. Alitunga juu ya mapenzi na misukosuko ya maisha ya kila siku, na papo hapo akawatetea Wamazrui wakati Seyyid Said alipokuwa akiuwania mji wao. Mtunzi alikuwa yule yule, na ubeti ulikuwa ule ule wa mishororo minne. Aidha, tuzingatie namna tungo hizo zilivyotufikia. Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor walizikusanya mwishoni mwa karne ya 19, zikiwa bado zimo vinywani mwa watu, na diwani ikachapishwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mtunzi. Shairi haliishi kichwani mwa mtu muda wote huo kwa uzito wa dhamira peke yake. Lazima pia liwe tamu kulitamka.

Sasa turudi kwa Abdilatif. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, ulioikosoa serikali, na kwa ajili hiyo akafungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mshairi.

Msomaji asiyetaka kuona zaidi ataona mti katika "Mnazi" na mnyama wa mtoni katika "Mamba". Anayetaka kuona ataona nchi na watawala wake. Ndiyo maana nasema kicheko cha wanafunzi wangu kilikuwa hatua ya kwanza ya uhakiki. Aliyekwisha kuwacheka ndugu wanaovutana hana budi kujiuliza mnazi huo ni nini, na ni nani mwenye haki nao. Hapa Gisenyi mwanafunzi hana mnazi nyuma ya nyumba, lakini ana mgomba, na katika nchi yenye ardhi finyu kama yetu, ugomvi wa ndugu juu ya urithi hauhitaji tanbihi.

Sidai kwamba mashairi yote ya diwani hii yana nguvu sawa. Mshairi anapoutangaza msimamo wake waziwazi, kama katika "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo", tunauheshimu ujasiri wake. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ni "Mnazi" linaloendelea kumsumbua msomaji baada ya kufunga kitabu. Vilevile, Kimvita alichokitumia huwakwaza wanafunzi wetu. Lakini wao wenyewe hukisikia Kiswahili cha Goma kila siku ng'ambo ya mpaka, na mara nyingi huambiwa kuwa si sanifu. Ni vema wajue kwamba mojawapo ya diwani mashuhuri za Kiswahili iliandikwa kwa lahaja ya nyumbani.

Wenzangu watasema kwamba mtihani unadai vina, mizani na tamathali. Ni kweli. Lakini vina na mizani ni vitu vya sikio, nasi tunavifundisha kwa macho, mwanafunzi akihesabu silabi kwa ncha ya kalamu bila kufungua kinywa. Mwanafunzi huyo huyo akienda harusini, akasikia amazina y'inka yakighanwa, hatafuti karatasi. Anasikiliza, anacheka panapochekesha, na anajua mara moja mghani anapokosea. Uwezo wa kuuonja ushairi anao tayari. Sisi ndio tunaomwomba auache mlangoni.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na wengi wa tunaowafundisha watakwenda kukifundisha. Kama watalichukulia shairi kuwa orodha ya dhamira, ndivyo watakavyolirithisha. Natoa wito kwa walimu wenzangu: kabla ya swali la kwanza la uhakiki, shairi lisomwe kwa sauti mara mbili, na la majibizano kama "Mnazi" lisomwe na wanafunzi wawili waliosimama wakitazamana. Kikundi kile nilikipa alama zote, kwa sharti kwamba kilieleze darasa ni nini hasa kilichowachekesha. Maelezo yao yalichukua kipindi kizima.