Ufundi wa Kumfundisha Mwalimu wa Sayansi

Kumwandaa mwalimu afundishe sayansi kwa vitendo ni kazi inayoanza kwa kumrudisha mwalimu huyo kwenye dawati la mwanafunzi. Nchini Kenya kazi hii ilipata msukumo mkubwa mwaka 1998, serikali ilipoanzisha mradi wa SMASSE kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA. Mradi ulijaribiwa kwanza katika wilaya 9, kisha ukaenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2003. Masomo yalikuwa hisabati, fizikia, kemia na biolojia, na walengwa walikuwa walimu wa sekondari waliokwisha kuajiriwa. Hawa walikuwa na diploma au shahada zao, na wengi walikuwa hodari wa kujaza ubao na kuwaandikisha wanafunzi madondoo. Walichokosa ni mazoea ya kumkabidhi mwanafunzi kifaa pamoja na swali, kisha kumwacha ahangaike navyo.

Mazoea hayo hayapatikani kwa mhadhara. Lipo zoezi linalopendwa na wakufunzi wa nchi nyingi: kila mwalimu hupewa betri moja ya tochi, balbu ndogo na kipande kimoja cha waya, bila soketi, akaombwa aiwashe balbu. Kazi huonekana ya kitoto. Mmoja anasimamisha balbu juu ya kichwa cha betri na kungoja. Mwingine anaunganisha ncha mbili za betri kwa ule waya, na kuuachia ghafla unapoanza kumchoma vidole. Mchoro wa sakiti wanaujua vizuri, lakini katika mchoro balbu ni duara lenye msalaba tu. Mchoro hauonyeshi kwamba balbu halisi ina sehemu mbili za kupitisha umeme: nukta iliyo chini kabisa kitakoni, na ganda la chuma ubavuni.

Jibu mkufunzi analo tangu mwanzo, na ufundi wake umo katika kulizuia. Huwataka walimu wachore kila njia waliyojaribu, iliyowasha na iliyokataa, kisha walinganishe michoro. Aliyekwama hupewa balbu iliyokwisha kuungua, akaivunja polepole ndani ya kitambaa na kutazama nyuzi mbili za ndani zinaishia wapi. Mkufunzi akisema mapema, zoezi limekufa. Akinyamaza kupita kiasi, mwalimu anachoka na kuchungulia kwa jirani. Kipimo cha katikati hakimo katika mwongozo wowote, na ndicho kinachomtofautisha mkufunzi bora na msomaji wa mwongozo.

SMASSE ilijenga mafunzo yake juu ya nguzo nne: shughuli, mwanafunzi, majaribio na kufaragua. Hii ya mwisho ndiyo iliyopendwa haraka, na ndiyo iliyopotoshwa haraka pia. Shule isiyo na maabara inaweza kutengeneza mengi kwa chupa za plastiki, mirija na jiwe lililofungwa kwenye uzi. Hata hivyo, mwalimu anaweza kuja na kapu zima la vifaa vya kufaragua akaendelea kutoa imla ileile, huku wanafunzi wakinakili matokeo ambayo hawakuyaona. Chupa haifundishi kitu mpaka mwanafunzi aulizwe kwanza anatarajia nini, na kwa sababu gani.

Uhandisi unaongeza jambo jingine, nalo ni masharti. Walimu wakipewa kurasa kumi za gazeti na gundi kidogo, wajenge daraja la kuvuka pengo la sentimita 50 kati ya meza mbili na kubeba kilo moja ya sukari, daraja la kwanza kwa kawaida huanguka. Hapo ndipo somo linapoanza: limepindia wapi, na karatasi iliyoviringishwa imestahimili kuliko iliyolazwa kwa sababu gani? Mkufunzi anayesifia daraja zuri na kupita lililoanguka ametupa nusu ya somo lake.

Kwa Wajapani ilikuja pia desturi ya kuandaa somo kwa pamoja. Walimu kadhaa hulipanga, mmoja akalifundisha, wengine wakaangalia, kisha wote wakalirekebisha. Wanaoangalia huwakodolea macho wanafunzi, si mwenzao: nani alishika kifaa, nani hakukigusa kabisa, swali gani lilipuuzwa. Ni desturi ngumu kwa mtu aliyezoea kufunga mlango wa darasa lake, lakini inafaa kuliko vyeti vingi.

Udhaifu mkubwa wa mpango ulikuwa katika ngazi zake. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wa wilaya, nao wakawafundisha walimu wakati wa likizo. Ujuzi wa kuzuia jibu ni mwepesi kupotea njiani, kwa sababu mtu anayerudia semina huanza kwa kurudia majibu yake. Tangu mwaka 2019, Kenya ilipoanza kutumia mtaala wa umilisi, mzigo umekuwa mkubwa zaidi: walimu wengi zaidi wanatakiwa kufundisha kwa vitendo, tena kwa watoto wadogo. Ratiba za mafunzo kazini bado hupimwa kwa idadi ya waliohudhuria. Wapimaji wangefaa waende shuleni muhula unapofunguliwa, wakae nyuma ya darasa, na kuhesabu mara ambazo mwanafunzi ameachwa amalize kujaribu kabla mwalimu hajasema.