Kumeguka au Kung'olewa? Uhakiki wa Kitenzi Kimoja cha Kemia

Azma ya uhakiki huu ni kuipima sentensi ambayo mfasiri wa kemia angeiandika bila kusita: "Molekuli za haidrokaboni aromatiki huvunjika zinapogongwa kwa nguvu." Kisarufi haina dosari. Hata hivyo, tunadai kwamba inaficha kiini cha jambo inalolieleza.

Tuanze na kitu chenyewe. Haidrokaboni hizo ni pete za kaboni zenye hidrojeni pembezoni. Naftalini, ile dawa ya nondo iwekwayo kabatini, ina pete mbili; antrasini ina tatu; koronini ina saba. Neno "aromatiki" hapo awali lilihusu harufu. Leo lahusu jinsi elektroni zinavyoshirikiwa na pete nzima.

Molekuli hizo zikirushwa ndani ya gesi ya heli, huweza kupatwa na mambo mawili tofauti. La kwanza, nishati ya mgongano huenea katika molekuli nzima, kama joto lieneavyo chunguni. Baadaye kiungo dhaifu huachia, ikatoka atomu ya hidrojeni kwa gharama ya elektroni-volti 5 hivi, au asetilini yenye kaboni mbili. Wakati huo molekuli imekwisha kumsahau aliyeipiga: ingepashwa joto kwa mwanga, matokeo yangefanana.

La pili ni la ghafla. Atomu ya heli huikabili kaboni moja na kuitupa nje katika muda wa femtosekunde, kabla nishati haijapata wasaa wa kuenea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm walichapisha ushahidi wa tukio hilo mwaka 2014, na mwaka 2015 wakatoa kipimo cha kizingiti chake: nishati ya mgongano ya elektroni-volti 32.5 hivi. Alama yake ni kupotea kwa kaboni moja pekee, jambo ambalo joto tupu hulifanya kwa nadra.

Sasa turejee kwenye sarufi yetu. Kauli ya kutendeka haimpokei mtenda: twasema "chungu kimevunjika", wala hatusemi "kimevunjika na mtoto". Kauli ya kutendwa humpa mtenda nafasi yake. Basi katika tukio la kwanza molekuli *humeguka*, kwani mpigaji hana tena sehemu katika habari. Katika la pili kaboni *hung'olewa* na heli, kama jino ling'olewavyo na ngumi.

Huenda ikasemwa kwamba istilahi hupenda neno moja la jumla. Tunakubali, na "kuvunjika" libaki kuwa hilo. Lakini tofauti hii ina uzito. Molekuli iliyong'olewa kaboni hubaki na pengo, ikawa nyepesi kuungana na jirani zake. Yaani pigo lile lile libomoalo laweza kuanzisha ujenzi wa molekuli kubwa zaidi. Asomaye "huvunjika" tu hawezi kulitarajia hilo.

Mwanafunzi wa Lubumbashi hufundishwa kemia kwa Kifaransa, na nomino aipokeayo huko haimtaji mtenda. Kuitafsiri nomino hiyo peke yake ni kuurithi ukimya wake. Mnyambuliko wa vitenzi vyetu unatupa njia ya kusema zaidi. Ni juu ya mfasiri kuitumia.